JAMAA NA MASOMO: Mama, angalia tarehe mu kaye



Mwezi huu tunazungumuza juu ya muzazi na mutoto wake wa masomo ya primeri. Tuanze na habari ya mama mumoja wa Kolwezi. Jina lake hatulitaji, lakini yeye mwenyewe alikubali tuandike, «juu benzangu bapate akili».

Mama huyu anauzisha samaki wa kukauka ku soko. Anatoka nyumbani saa kumi na moja ya asubui, watoto wangali wanalala. Bwana yake anatumika posti: juma moja muchana, juma moja usiku. Mutoto wao mwanaume alikuwa mu kalasi ya ine. Kila asubui anavaa shati nyeupe na kaputula ya bulu, anabeba mufuko wake, anaenda. Magaribi anarudi. Mama anaona shati, anaona mufuko, roho yake inatulia.

Siku moja mwalimu wa mutoto akapita ku soko.

– Jambo mama. Mulimuhamisha mutoto?

– Kumuhamisha wapi, mwalimu? Si anaendaka kwenu kila siku?

– Mama, iko mwezi moja na nusu hatuyamuona.

Siku ile mama alifunga meza yake mapema. Mutoto akasema ukweli. Alikuwa anavua shati njiani, anaificha mu mufuko, anaenda na wenzake ku muto kusafisha mawe ya wachimbaji. Franga aliyopata, ingine alikula, ingine alimuletea mama. Na hapa ndipo mama analia zaidi: «Ile franga nilikuwa naipokea. Alisema anauzishaka maji ya baridi. Sikumuuliza tena, juu ilikuwa inanisaidia ku bunga.»

Wazazi, tusimuhukumu haraka. Wangapi kati yetu tunajua mutoto alisoma nini jana?

Kwanza kampani, kisha feza, leo Serikali

Wazee wanakumbuka wakati wa Union Minière na wa Gécamines. Kampani ilitoa nyumba, posho, hospitali, na masomo ya watoto. Watu walisema: kazi njo baba, kazi njo mama. Ilikuwa vizuri, lakini muzazi mwingi alizoea kufikiri kwamba masomo ni shauri la kampani.

Kisha mambo yakaharibika. Mu 1990 mugodi wa Kamoto uliporomoka, mu 1991 inchi ikapata uporaji, na kazi ikaanguka. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Walimu nao hawakulipwa vizuri, na tangu mwanzo wa miaka ile ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wanawapa primi. Asiyelipa, mutoto wake anarudishwa nyumbani. Ilikuwa muzigo muzito. Lakini tukubali jambo moja: feza ile ilimufikisha muzazi ku masomo. Alienda kulipa, alienda kulomba siku chache, alionana na direkta, alisikia habari ya mutoto.

Katiba ya 2006, katika artikulo ya 43, ilisema kwamba masomo ya primeri katika masomo ya Serikali ni ya lazima na ya bure. Mu Septemba 2019 jambo lile likaanza kufanyika katika inchi nzima. Tunamushukuru Mungu. Watoto wengi waliokuwa wanakaa nyumbani waliingia mu kalasi. Lakini kalasi zilijaa, na mwalimu mumoja hawezi kumufuata kila mutoto. Na muzazi naye, kwa sababu halipi tena, haendi tena. Tunasikia: «Si masomo ni bure? Ile ni kazi ya balimu.»

Hivi, mutoto akipotea njiani, nani atajua? Kampani haikuwa muzazi. Feza haikuwa muzazi. Serikali nayo si muzazi.

Namba hazina Kifaransa

Wengine watajibu: «Miye siyuwe Kifaransa. Nitamusaidia namna gani?» Ni kweli, katika kalasi za kwanza mutoto anafundishwa kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinaingia na kushika nafasi kubwa. Hata Kiswahili cha kitabu si kile tunachosema ku nyumba. Muzazi anafungua kaye, haelewi, anafunga.

Mama wetu naye alimujibu mwalimu vile. Mwalimu akamuuliza:

– Mama, namba munajua?

– Namba njo kazi yangu, mwalimu! Ku soko nani atanidanganya?

– Basi, muangalie tarehe.

Ku kila somo mwalimu anaandikisha tarehe. Ku kila kazi anaandika alama kwa wino mwekundu: 4 juu ya 10, 7 juu ya 10. Hiyo yote ni namba. Kama leo ni tarehe 20 na tarehe ya mwisho mu kaye ni 3, muulize mutoto: hizi siku zingine ulikuwa wapi? Kama wino mwekundu hauonekani, muulize tena. Jambo hili halitaki diplome. Linataka macho, na dakika tano kila magaribi.

Tangu siku ile mama anafanya hivi, na baba anapokuwa posti ya muchana ni zamu yake. Mutoto alirudilia kalasi ya ine, kwa haya nyingi. Mwaka uliofuata alipita. Hakuwa wa kwanza, alipita tu. Lakini mama anasema: «Sasa ananiletea kaye yeye mwenyewe, hata siyauliza.»

Tufanye nini ku nyumba?

1. *Kaye kila magaribi.* Kama umeme hauko, mutoto afanye kazi ya mwalimu mbele giza haijaingia. Maji na vyombo vingoje kidogo. Na tusisahau watoto wanamuke: mara nyingi ndio tunaowaacha ku nyumba kulinda kadogo, siku ya soko.

2. *Akusomee kwa sauti.* Hata usipoelewa, utasikia kama anasoma ao anabahatisha. Kisha muombe akuelezee kwa luga ya nyumbani. Akiweza kukuelezea, amefahamu.

3. *Umuone mwalimu mbele ya buletini.* Usingoje matata. Usiende na hasira. Musalimu, umuulize: Anakuja kila siku? Anakaa wapi mu kalasi? Anasoma? Buletini ikitoka, utie saini wewe mwenyewe, si kaka yake.

4. *Uende ku mukutano ya wazazi.* Kila masomo inapashwa kuwa na komite ya wazazi. Tukikosa kule, tusilalamike kwamba wengine wanaamua bila sisi.

5. *Uulize feza inatoka wapi.* Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumutia mutoto katika kazi za hatari. Kubeba na kusafisha mawe ya mugodi ni hatari ku mwili wake. Njaa tunaijua, wazazi. Lakini franga ya leo inakula myaka yake ya kesho.

6. *Usimupige juu ya alama.* Mutoto anayeogopa fimbo ataficha kaye, na wewe utarudi mu giza.

Siku tatu

Injili ya Luka, sura ya 2, inatuambia kwamba Yezu alipokuwa na myaka kumi na miwili, Maria na Yozefu walitembea siku nzima wakifikiri kwamba iko pamoja na jamaa na wajuani. Kumbe alibaki Yeruzalemu. Hawakusema: atarudi mwenyewe. Walirudi nyuma, wakamutafuta, na siku ya tatu wakamukuta katika hekalu, amekaa kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza.

Hata wazazi wale watakatifu walitembea siku moja bila kujua. Sisi tunatembea mwezi na nusu. Tugeuke, tumutafute mutoto, na tumukute pahali pake: kati ya walimu.

*Maswali ya kuzungumuza mu jamaa ao mu shirika:*

– Mara ya mwisho tulionana na mwalimu wa mutoto wetu ilikuwa lini, na juu ya nini?

– Leo magaribi, tarehe ya mwisho mu kaye yake ni gani?

– Mu mutaa yetu, mutoto gani haonekani tena ku masomo, na nani kati yetu ataenda kuwaona wazazi wake?