Majina ya Nyota Yana Dhambi Gani?

Twasikia ndugu wengine wakinung'unika ya kuwa haimpasi mwalimu Mkristo kufundisha majina ya makundi ya nyota, kwa sababu yametoka katika hadithi za miungu ya Wayunani. Wengine huzidi, hata Kilimia cha wazee wetu hukiita upagani.

Neno hili si jipya. Mwaka 1603 Johann Bayer alichapisha ramani za nyota katika mji wa Augsburg, Ujerumani, akifuata picha za Wayunani, ambazo Ptolemy wa Iskanderia alikuwa ameziandika yapata mwaka 150, makundi 48. Mtu wa mji ule ule, Julius Schiller, akachukizwa na picha hizo. Mwaka 1627 ramani zake zikatoka: makundi 12 yapitiwayo na jua yamepewa majina ya Mitume, Dubu Mkubwa amekuwa chombo cha Petro, na Orioni amekuwa Yusufu. Nia ilikuwa njema, lakini wenye elimu ya nyota hawakumfuata. Walipopatana mwaka 1922 juu ya makundi 88, Orioni na Nge walikuwamo, Mitume hawakuwamo.

Maana jina la nyota ni alama ya kutambulishia tu. Wayunani walisimulia kwamba Orioni mwindaji aliumwa na nge akafa. Na kweli, Nge azukapo mashariki, Orioni hutua magharibi. Hadithi hii humsaidia msahaulifu kukumbuka alionalo mbinguni. Ni nani aliyeisikia akapiga magoti?

Tena tutazame Maandiko. Kitabu cha Ayubu chataja Orioni na Kilimia kuwa kazi ya Mungu, nao waliokifasiri hawakuona haya kulitia neno la mkulima wetu ndani ya Biblia. Naye Paulo alitoka Melita katika merikebu yenye alama ya Ndugu Pacha, miungu ya mabaharia (Matendo 28:11), wala hatusomi kwamba aliamuru ifutwe.

Kupiga ramli kwa nyota twakukataa kabisa, kwa kuwa ni uongo. Lakini wazee waliotazama Kilimia kikizama na kuzuka, wapate kujua majira ya mvua na kulima, hawakupiga ramli. Walisoma saa aliyoiweka Mungu.

Basi, walimu wenzetu, tuwatoe watoto nje usiku, tuwaonyeshe Orioni na Kilimia. Kisha tuwatume kwa babu zao wakaulize majina mengine. Mzee akifa nayo, hakuna ramani ya Augsburg itakayoturudishia.