Umeme wa Soketi Si Dawa ya Goti

Mwezi huu nilikusudia tuzungumze juu ya chanjo za watoto, lakini jambo nililokutana nalo katika jumuiya yetu limenifanya nibadili nia. Sala zilipokwisha nyumbani kwa bibi mmoja mjane, na wenzangu wakaanza kutawanyika, bibi alinishika mkono akasema, "Mwanangu, wewe ni nesi. Ngoja uone dawa ya goti niliyotengenezewa na mjukuu wangu."

Akatoa kisanduku cha plastiki. Ndani mlikuwa na transfoma ya redio ya zamani na kitufe cha kupunguzia sauti kilichotolewa katika redio hiyo hiyo. Zilitoka nyaya mbili, kila moja ikiishia kwenye kipande cha bati kilichozungushiwa kitambaa. Kitambaa hulowekwa maji ya chumvi, vipande hufungwa huku na huku ya goti, kisha kisanduku huchomekwa kwenye soketi ya ukutani. "Kinatekenya," bibi alisema, "halafu maumivu yanapungua."

Nilishtuka, lakini sikuthubutu kusema kwamba kijana ni mwongo, kwa maana si mwongo. Matabibu wa Roma ya kale waliwawekea wagonjwa wa jongo samaki aina ya taa mwenye umeme mwilini, ili miguu ife ganzi. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na kwamba mguso au msisimko mwepesi unaweza kulifunga lango hilo ili maumivu yasipite yote. Ndiyo maana mtoto akigonga kiwiko hukisugua. Kutokana na wazo hilo vilitengenezwa vifaa vidogo vya kusisimua mishipa ya fahamu kwa umeme, navyo hutumika katika idara za mazoezi ya viungo hospitalini. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu wakati wa kukitumia. Goti lenyewe hakiliponyi.

Tofauti ya kifaa hicho na kisanduku cha bibi ni kubwa, na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kifaa cha hospitali cha aina hii kwa kawaida hutumia betri, hivyo hakuna njia ya umeme wa ukutani kumfikia mgonjwa. Tena hakipeleki umeme mfululizo. Hupeleka vipigo vifupi mno, kila kimoja kikidumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kimewekewa kikomo kisichoweza kupitwa hata mtu akizungusha kitufe hadi mwisho.

Kisanduku cha bibi kinategemea waya mwembamba uliopakwa rangi ya kuzuia umeme, ndani ya transfoma ambayo hakuna ajuaye imekaa miaka mingapi katika joto, vumbi na unyevu. Upande mmoja wa transfoma kuna volti 230, upande wa pili kuna bibi. Siku kizuizi hicho kitakapoungua, labda umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika, hakutakuwa na onyo lolote.

Ni umeme kiasi gani unaoua? Ni mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Mtu huanza kuhisi umeme wa nyumbani ukifika kama miliampea 1 mwilini. Ukifika kama 10 misuli hukaza, na aliyeshika waya anaweza kushindwa kuuachia. Kuanzia 50 hivi hadi 100, ukipita kifuani kwa sekunde chache, moyo unaweza kuacha kupiga na kubaki ukitetemeka tu. Balbu ya kawaida ya zamani ya wati 60 hutumia zaidi ya miliampea 250. Ngozi kavu hutukinga kwa kiasi fulani, lakini sisi hapa tumeilowesha kwa maji ya chumvi makusudi.

Msomaji atauliza, goti na moyo vinahusianaje? Umeme wa ukutani hutafuta ardhi. Bibi akiwa ameshika kitanda cha chuma au bomba la maji, njia yake yaweza kutoka gotini, kupanda kifuani na kutokea mkononi.

Nilipozungumza na mjukuu, kijana mpole anayetengeneza redio na simu karibu na stendi, alinijibu kwa heshima, "Shangazi, mbona nimejijaribia mwenyewe mara nyingi?" Nilimwambia kwamba jaribio hilo linaonyesha tu kuwa kizuizi kilikuwa kizima siku hiyo. Tena yeye ana miaka ishirini na ngozi inayohisi. Bibi yake ana kisukari, na miguu yake imeanza kufa ganzi. Umeme unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri, huunguza ngozi polepole kwa kemikali chini ya bati. Kijana angeruka. Bibi asingejua mpaka aone kidonda, na sote tunajua kidonda cha mguu wa mwenye kisukari kinavyoweza kuishia.

Kwa hiyo kuweka betri peke yake hakutoshi. Wapo wanaotumia mtambo wa raketi ya kuulia mbu, ambao hupandisha umeme wa betri ndogo hadi kuvuka volti elfu moja. Wapo hata, katika nchi zilizoendelea, wanaojifungia betri kichwani ili wawe na akili zaidi. Mwaka 2016 watafiti 39 wa ubongo waliandika barua ya wazi kuwatahadharisha. Na wazee wengine watakumbuka habari za kutibu kuumwa na nyoka kwa shoti ya umeme. Habari hizo zilienea baada ya daktari mmisionari huko Ecuador kuandika juu yake mwaka 1986, lakini majaribio yaliyofuata kwa wanyama hayakuonyesha faida. Aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali.

Hata kifaa halali cha dukani kisiwekwe kichwani, mbele ya shingo wala kifuani. Mjamzito, mwenye kifafa, na mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo wamwone daktari kwanza.

Ukimkuta mtu ameshikwa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu, au msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu. Kama hapumui, bonyeza kifua katikati kwa nguvu na haraka, bila kuacha, mpaka msaada ufike.

Sipendi kijana huyu alaumiwe peke yake. Bibi amekwenda zahanati mara tatu na kila mara amepewa vidonge na kuambiwa, "Ni uzee." Sisi wahudumu hatukumwonyesha kwamba akae kitini, anyooshe mguu, ahesabu hadi tano na kuushusha, mara kumi asubuhi na jioni, ili paja lipate nguvu ya kulibeba goti. Hatukumwambia kwamba fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Mahali tulipomwacha ndipo mjukuu alipoingia na transfoma yake.

Kijana aliukata waya wa soketi mbele yetu. Bibi alinuna kidogo, akauliza kama basi redio yake itarudishwa. Imerudishwa, na ameanza mazoezi. Goti bado linamsumbua asubuhi, hasa siku za mvua.