Bahari Haibebwi kwa Madumu

Mwezi Julai 2021 askari na polisi wa Rwanda walipelekwa mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na wengi wao, wana wa vilimani, wakaiona bahari kwa mara ya kwanza. Si ajabu basi mlinzi wa usalama aliyerejea kwao Butare (tunasema Butare ya Rusizi, si ule mji uliobadilishwa jina ukawa Huye mwaka 2006) akatamani kuwa na kipande cha mwamba sebuleni: tangi la kioo, matumbawe na samaki wa rangi. Wala si ajabu akajiuliza kwa nini anunue chumvi ya kuchanganya, hali bahari imejaa maji ya bure. Tamaa hiyo hatuilaumu. Tunalopinga ni hesabu yake.

Tangi la lita 200 huhitaji kubadilishiwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya maji yake kila juma. Hilo ni dumu moja la lita 20. Kwa mwaka ni madumu 52, uzito wa tani moja na ziada, nayo yasafirishwe zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Hapo neno “bure” limekwisha kufutika.

Tena mzigo huo hauwi mzima ufikapo. Katika lita moja ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi, lakini mna pia viumbe wadogo wasiohesabika. Yakifungwa ndani ya dumu, viumbe hao hufa na kuoza, wakatoa amonia ambayo ni sumu kwa samaki. Aishiye Mombasa au Tanga aweza kuyateka mbali na bandari na midomo ya mito, wakati maji yamejaa wala mvua haijanyesha karibuni, akayachuja na kuyatumia upesi. Kwake yeye maji ya asili ni neema. Kwa mtu wa Butare ni uvundo wa gharama kubwa.

Wala jambo hili si geni. Mjini London, ulio karibu na bahari kuliko sisi, nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Gosse alitangaza namna ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi nne. Chumvi ya jikoni peke yake haitoshi, kwa maana matumbawe hujijenga kwa kalisi, nayo magnesi yatakiwa pia. Ashikaye njia hiyo na ajihadhari na maji ya mvua yatiririkayo juu ya mabati, kwa kuwa zinki huwadhuru viumbe wa mwambani. Maji yakipungua kwa kukauka, aongeze maji matamu, kwani chumvi haikauki pamoja nayo. Lakini umeme ukikatika usiku kucha, au amri ya uhamisho ikija, ni nani atakayelilinda tangi hilo? Mara nyingi ni mke, ambaye hakuulizwa.

Kuhusu matumbawe yenyewe, polisi wa mipakani wanajua, au yawapasa kujua, kwamba matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na hayavushwi mpaka kibiashara bila kibali. Mkoba wa askari haumo katika msamaha.

Kama ni maji ya asili, wilaya ya Rusizi inayo. Maji ya juu ya ziwa Kivu yana gramu moja hivi ya chumvi kwa lita, na mto Rusizi huyapeleka mpaka Tanganyika, ziwa ambalo samaki wake wa rangi walianza kupelekwa ng’ambo kutoka Burundi miongo mingi iliyopita, wakapendwa sana Ulaya. Samaki hao huyapenda maji magumu kama hayo, nao hawadai matumbawe wala madumu kutoka pwani.

Sharti letu ni moja tu: wasitupwe ziwani. Isambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo ni riziki ya wavuvi wengi. Lakini mwaka 2006 alionekana humo samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, agombeaye chakula na hao isambaza, na ziwa halina mlango wa kumtolea. Kwa hiyo maji machafu ya tangi yamwagwe kwenye bustani ya mboga, ambako yatarutubisha. Yale ya chumvi hata huko hayafai; yataiua migomba.