Swali Gumu Litangulie Kanuni

Katika madarasa mengi ya hisabati somo huenda kwa mpangilio uleule: mwalimu huandika kanuni ubaoni, hukokotoa mifano miwili mitatu, kisha wanafunzi hupewa mazoezi yanayofanana nayo. Mpangilio huo humnyima mwanafunzi nafasi ya kujua kanuni ilitungwa kutatua tatizo gani, na ndiyo maana mtihani ukiligeuza swali kidogo tu, aliyekariri hukwama. Naona tuupindue: mwanafunzi akabiliane kwanza na swali asilolijua, maelezo ya mwalimu yafuate.

Mtafiti Manu Kapur alilipima jambo hili katika sekondari za Singapore. Wanafunzi ambao hawajafundishwa kupima mtawanyo wa takwimu walipewa idadi ya mabao ya wachezaji wa soka kwa miaka 20, wakaulizwa nani kiwango chake hakiyumbi. Walichora grafu, wakatafuta wastani, wakahesabu tofauti za mwaka hadi mwaka, lakini kanuni yenyewe hawakuifikia, ndipo wakafundishwa. Kundi jingine lilifundishwa kwanza. Katika kukokotoa, makundi yalilingana. Katika kuelewa dhana na kuitumia kwenye maswali mapya, waliotangulia kuhangaika waliongoza. Haishangazi: aliyekwisha kuona kwamba wastani haumtofautishi mchezaji mmoja na mwingine hutambua mara moja kanuni mpya inaziba pengo gani.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Mwaka 2006 watafiti Kirschner, Sweller na Clark walionya kwamba akili ya anayeanza hulemewa haraka akikosa mwongozo. Ni kweli, ila onyo hilo linamhusu mwanafunzi aliyetelekezwa. Hapa mwongozo haufutwi, unacheleweshwa kwa makusudi, na mwalimu hulinganisha majibu ya wanafunzi na kanuni sahihi. Uchambuzi wa tafiti 53 uliochapishwa mwaka 2021 na Sinha na Kapur uliunga mkono utaratibu huu, ingawa watoto wa madarasa ya chini ya msingi hawakunufaika. Basi uanzie kwa wakubwa.

Kwa Tanzania kuna vikwazo vingine: madarasa yaliyofurika, muhtasari mrefu, na Kiingereza kinachotumika sekondari. Msongamano na muda vinadai tuchague dhana chache za msingi, si kila kipindi. Kuhusu lugha, kuhangaika na maneno ya swali hakumfunzi mtu hisabati. Wanafunzi na wajadiliane kwanza kwa Kiswahili. Kikwazo kikubwa zaidi ni woga. Anayechekwa au kuchapwa kwa kukosea hawezi kuthubutu kukisia, na bila kukisia hakuna hisabati wala sayansi. Kwa hiyo vyuo vya ualimu viwafunze walimu kulipokea jibu lenye kosa, kuuliza limepatikanaje, na kulitumia kufundishia. Wakaguzi nao wapime fikra zinazosikika darasani, si wingi wa mazoezi yaliyopigwa vema daftarini.