Kwa Mwoga Huenda Kicheko

Wapo watu wasiopenda sinema za kutisha, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Mtu wa namna hiyo akiinuka katikati ya onyesho akatoka nje, hana salama: wenziwe humcheka, wakamwita mwoga, wakampa na jina la kumfuata mtaani. Waungwana hao husahau neno la wahenga kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Leo twapenda kumtetea huyo aliyetoka, bila ya kumlaumu yule aliyebaki.

Tuchukue sinema za wanyonya damu, ambazo ni za kale sana katika aina hii. Dracula alizaliwa kitabuni mwaka 1897, kwa kalamu ya Bram Stoker wa Ireland. Mwaka 1922 Wajerumani walitoa Nosferatu. Mwaka 1931 Bela Lugosi akamwigiza Dracula huko Marekani, na mwaka 1958 Christopher Lee akafanya vivyo Uingereza. Lakini tusidhani kwamba hofu hii ni mali ya Wazungu. Bibi zetu wa pwani hawakupata kumsikia Dracula, na hata hivyo magharibi ikiingia walituita ndani kwa jina moja tu: mumiani. Gazeti la Mambo Leo la Dar es Salaam lilichapa barua juu ya mumiani tangu mwaka 1923. Hapa Nairobi, zama za ukoloni, waliosemwa ni wazimamoto, kwamba huteka watu usiku wakawatoa damu. Mwanahistoria Luise White alizichambua hadithi hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na hakuziona kuwa upuuzi mtupu. Aliona ndani yake watu wakiusema utawala wa kikoloni kwa lugha yao wenyewe.

Mjukuu wa bibi yule leo humwona mnyonya damu wapi? Huko Kibera na Kawangware, ingawa wengi siku hizi hutazamia simuni, vibanda vya video vingalipo: kuta za mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja, na pazia mlangoni la kuzuia mwanga. Mara nyingi sinema huja na msimulizi wake. DJ Afro amejipatia jina kubwa nchini kwa kazi hiyo ya kuzisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili chepesi cha mtaani, na mzaha wake huipunguza makali hofu ya picha.

Nimepata kuketi katika kibanda kimoja cha Laini Saba, nikitazama zaidi watu kuliko picha. Mnyonya damu alipobisha hodi, kibanda kizima kilipiga kelele: "Usimfungulie!" Msichana wa kwenye picha akafungua. Watu wakaguna, wakacheka, wakalaumu, kama kwamba ni jirani yao aliyewapuuza.

Hapo ndipo nilipoielewa ladha waionayo wenzetu. Mnyonya damu wa sinema, kwa ukatili wake wote, ana masharti. Jua likichomoza ameangamia. Mti uliochongwa ukimpenya moyoni amekufa. Na katika hadithi nyingi haingii nyumbani mpaka akaribishwe. Sinema ya Sinners, aliyoitoa Ryan Coogler mwaka 2025, imejengwa juu ya sharti hilo: watu weusi wa Mississippi ya mwaka 1932 wamefungua nyumba yao ya muziki, na nje usiku wamesimama wanyonya damu wakibembeleza waitwe ndani. Adui wa namna hiyo mtu aweza kumkabili. Sisi tuliosoma vyuoni, tukafundishwa kusoma Kul-audhu kabla ya kulala, twajua raha ya kuwa na komeo mkononi.

Lakini adui wa kweli hana masharti hayo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 hazikungoja kukaribishwa Kibera. Soko la Toi liliteketea, reli ikang'olewa, na nchini kote, kwa hesabu ya Tume ya Jaji Waki, walikufa watu 1,133. Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa rais, Kawangware nako nyumba na maduka yalitiwa moto, jirani akamkimbia jirani. Jua lilichomoza siku zote hizo, wala halikumwangamiza mbaya yeyote.

Basi fikiri, msomaji, juu ya yule anayeinuka kibandani damu inapoanza kumwagika. Wajuaje alichokiona yeye mwaka ule? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kijana aliyezaliwa baadaye huitazama damu ile akaiona rangi. Mamake huenda akaiona damu. Mtu aliyekwisha kulipa kwa macho yake hadaiwi tena na televisheni. Na vile vile, yule mwenziwe wa rika lake anayebaki akicheka huenda naye anajitibu, kwa kumtazama adui ambaye, walau mara hii, atashindwa kabla ya taa kuwashwa. Wote wawili wana haki.

Asiyekuwa na kinga ni mtoto. Yeye hajui masharti ya mchezo. Kwake sinema haimaliziki taa zinapowashwa, kwani hutoka nayo hadi kwenye kichochoro kisicho na taa, akaingia nayo kitandani. Wala tusiseme kuwa hofu ya kutunga haiui. Nchini Malawi, mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulienea katika wilaya za kusini. Makundi ya watu yaliwaua binadamu wenzao wasiopungua 9 kwa tuhuma hiyo, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe. Hatusemi kwamba sinema ndiyo iliyoleta uvumi ule. Twasema kwamba mtu asiyefundishwa kutenga hadithi na habari ni hatari kwa jirani yake, na mafundisho hayo huanza utotoni.

Kwa hiyo twawaomba wenye vibanda mambo matatu, ambayo hayagharimu hata shilingi moja. Kwanza, ubao ulio mlangoni uandike wazi ni sinema ya aina gani, ili anayeingia ajue aingiako. Pili, filamu iliyotiwa alama ya 18 na Bodi ya Kuainisha Filamu isitazamwe na watoto, hata kama viti vi vitupu na mtoto kaja na pesa yake mkononi. Tatu, mlango usifungwe kwa kufuli wakati wa onyesho.

Anayetaka kutishwa na atishwe, alipie kiti chake na acheke. Asiyetaka apishwe njia apite, wala asiulizwe sababu. Huenda sababu yake yajulikana na mtaa mzima.