Cabramatta imenifundisha: mficha uchi hazai

Juma langu la kwanza kazini nilimwita bibi wa watu "baba" asubuhi na jioni, naye akawa ananiitikia bila kunisahihisha.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuogesha, kupika, kupanga vidonge, kusindikiza hospitali. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, lakini riziki imenileta Cabramatta, kitongoji kilicho yapata kilomita 30 kusini-magharibi mwa katikati ya jiji la Sydney, Australia. Wengi wa wazee wangu ni Wavietnam. Niliambiwa mwanamke mzee huitwa bà. Sikuambiwa kwamba Kivietnam ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti. Bà ya kushusha ni bibi. Ba iliyonyooka, kwa watu wa kusini mwa Vietnam, ni baba. Siku ya saba mjukuu wake akanisikia, akaangua kicheko, na bibi naye akacheka mpaka akashika mbavu. Nikauliza, na mama je? Wakasema má. Nikajiona nimefika kwetu.

Baadaye nikajua kwamba katika mazungumzo yao ya kila siku huwezi kumpachika mtu "wewe" hivi hivi. Kwanza ujue ni nani kwako: mkubwa au mdogo, dada, shangazi, babu. Mimi kwa bibi huyu najiita con, yaani mwana. Aliyelelewa kwa shikamoo haoni ajabu hapo.

Nayataja haya kwa sababu miaka yangu jikoni mwa bibi huyu imenionyesha jambo ambalo sisi Waswahili wa ughaibuni tunalikosea. Tunajua kuchangia harusi. Tunajua kuzika. Upatu tunacheza. Lakini hadithi yetu tunaifungia chumbani, halafu tunashangaa wengine wanapotusimulia vibaya. Cabramatta ilipitia hapo hapo, na ililipa gharama.

Nyuma ya nyumba ya bibi kuna gereji ambayo haijawahi kulala gari. Ndani yake kuna cherehani mbili, moja ya kawaida na moja ya ovaloki, zimefunikwa shuka. Miaka ya 1980 na 1990 wanawake wengi wa Kivietnam wa huku walishona majumbani, wakilipwa kwa kipande. Tajiri huleta vitambaa vilivyokatwa, akaja kuchukua nguo zilizokwisha. Bibi anasema mzigo ukiletwa Ijumaa jioni unatakiwa Jumatatu asubuhi, basi watoto watatu wakitoka shule wanakaa chini kukata nyuzi na kugeuza kola. Ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, kuna msumari. Hapo ndipo ilipotundikwa redio ya kaseti.

Kaseti hizo ndizo zilizonifungua macho. Bibi anapenda vọng cổ, uimbaji wa kuvuta sauti na kuomboleza, ulio moyo wa cải lương, tamthilia ya kuimbwa iliyozaliwa katika bonde la Mto Mekong mwanzoni mwa karne ya 20. Sifahamu neno hata moja, lakini mpenzi wa taarab hahitaji kutafsiriwa mtu anayemlilia aliye mbali. Na kabatini mwa sebule zimejaa kanda za video za Paris By Night, maonyesho ya muziki yaliyoanzishwa mwaka 1983 na Wavietnam waliokimbilia Ufaransa, yakahamia California, na kusambaa kwa kanda katika kila mji wenye wakimbizi wao. Hakuna serikali iliyofadhili msumari ule wala kanda zile. Sanaa ya mtaa huu ilianzia hapo, kwenye gereji, katikati ya kola na nyuzi.

Walifikaje huku? Kwa miongo mingi Australia ilikuwa na sera ya kuwabagua wahamiaji wasio Wazungu, na mabaki ya mwisho ya sera hiyo yaliondolewa na serikali ya Gough Whitlam mwaka 1973. Saigon ikaanguka tarehe 30 Aprili 1975. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1976, mashua ya kwanza ikatia nanga Darwin ikiwa na vijana watano. Waliofuata, wengi kwa ndege kutoka kambi za Malaysia, Thailand na kwingineko, baadhi yao walipokelewa katika hosteli za wahamiaji za Cabramatta na Villawood, zile zile zilizopokea Wazungu waliokimbia Ulaya baada ya vita. Mtu akitoka hosteli hupanga chumba karibu na aliowazoea. Ndivyo mtaa ulivyozaliwa.

Na mtaji? Benki haimkopeshi asiye na kitu. Wavietnam wa kusini wana kitu wanachokiita hụi: watu wanachanga kila mwezi, kila mmoja anapokea kwa zamu yake, na mmoja wao anashika daftari. Bibi aliponieleza nilimwambia kwetu huyo mshika daftari anaitwa kijumbe. Akaniuliza kama kijumbe wetu huwa anatoroka na hela. Nikamwambia hutokea. Akatikisa kichwa kama aliyekutana na ndugu.

Leo ukishuka kituo cha treni na kuingia John Street, utaona matunda ambayo mtu wa pwani hahitaji kuonyeshwa: shokishoki, fenesi, duriani. Utakuta juisi ya miwa ikikamuliwa mbele yako. Utakuta mabibi wamekaa pembezoni mwa njia na mafungu ya mchaichai, giligilani na matembele kutoka bustani zao. Mbele kidogo lipo lango kubwa lenye paa la Kichina na maandishi ya lugha kadhaa, lililofunguliwa mwaka 1991, maana hapa Wavietnam wanaishi na Wakambodia, Walao na Wachina. Septemba au Oktoba, mwezi wa nane wa kalenda yao ya mwandamo unapofika mpevu, barabara zinafungwa kwa sikukuu ya mwezi: taa za karatasi, keki, ngoma ya simba, makumi ya maelfu ya watu. Huko Vietnam sikukuu hiyo ni ya majira ya vuno. Sydney ndiyo kwanza baridi inaondoka. Wamehama na mwezi wao, majira wakayaacha nyuma.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika tangazo la utalii. Wenyeji wa mtaa huu wanajua kwamba miaka ya 1990 jina la Cabramatta lilikuwa sawa na heroini. Vijana waliuza na kuvuta mchana kweupe jirani na kituo cha treni. Magenge yalipigana. Tarehe 5 Septemba 1994 mbunge wa hapa, John Newman, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Mwaka 2001 kamati ya Bunge la New South Wales ilichunguza namna polisi walivyoshindwa kuulinda mtaa.

Nilimuuliza bibi walikuwa wanasemaje majumbani wakati ule. Akasema hawakusema. Mtoto wa jirani akipotea, unaambiwa yuko kwa shangazi yake Melbourne. Mtoto akifa, ulikuwa ugonjwa. Aibu ilifungiwa mlango. Na mlango ukifungwa kwa ndani, waliobaki nje ndio husimulia: magazeti, televisheni, wanasiasa. Mwaka 2005 ikatoka filamu nzuri, Little Fish, iliyowekwa Cabramatta na inayohusu heroini. Mhusika mkuu wake aliigizwa na Cate Blanchett. Sina ugomvi na filamu hiyo. Nasema tu kwamba hata katika msiba wao wenyewe, Wavietnam waliketi viti vya nyuma.

Mambo yaligeuka pale watoto walipochukua kalamu na kamera. Khoa Do, aliyeletwa Australia kwa mashua akiwa mtoto mdogo, alikuwa akiwafundisha filamu vijana wa Cabramatta waliokuwa hawana makazi au wametoka kwenye dawa. Darasa hilo likazaa The Finished People ya mwaka 2003, filamu ya bajeti ya mfukoni ambamo vijana wale wenyewe waliigiza maisha yaliyokuwa karibu sana na yao. Mwaka 2005 Do akateuliwa kuwa Kijana wa Mwaka wa Australia. Vivian Pham alianza riwaya yake, The Coconut Children, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, katika programu ya kuwafundisha vijana kuandika; ilichapishwa mwaka 2020 na inahusu vijana wawili wa Cabramatta ya mwaka 1998. Tracey Lien naye akatoa All That's Left Unsaid mwaka 2022: kijana anauawa mgahawani mbele ya watu, dada yake anauliza nani ameona, na kila mtu anasema hakuona. Riwaya nzima inausukuma ule mlango aliouzungumzia bibi yangu.

Tazama hao walichoandika. Hawakuusifia mtaa. Waliandika baba anayepiga, mama anayeficha, kijana anayekufa na majirani wanaonyamaza. Mtaa haukuporomoka kwa hilo. Mwaka ule ule wa 2022, Dai Le, aliyekuja akiwa mtoto mkimbizi, akagombea ubunge wa Fowler, jimbo lenye Cabramatta ndani yake, bila chama na kumshinda Kristina Keneally, mwanasiasa mkubwa wa chama cha Labor aliyeletwa kutoka upande mwingine wa jiji. Siku ya hotuba yake ya kwanza bungeni alivaa áo dài, vazi la asili la Kivietnam, lililoshonwa kwa nakshi ya bendera ya Australia. Sisemi riwaya zilimpigia kura. Nasema watu waliozoea kujisimulia wenyewe huchoka kuletewa wa kuwasemea.

Sasa turudi kwetu. Magharibi ya Sydney tuko wasema Kiswahili wengi: Watanzania na Wakenya wachache, na Wakongo na Warundi wengi waliopitia kambi kama Nyarugusu na Kakuma. Mwaka jana, katika sherehe yetu ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, binti wa miaka 15 aliomba kusoma kisa alichokiandika. Kilihusu mama yake anayesafisha ofisi usiku, na namna yeye anavyowaamsha wadogo zake, kuwapa chai na kuwadanganya kwamba mama yuko chooni. Kiswahili chake kilikuwa na Kiingereza ndani na cha Kigoma na cha Bukavu, na kilikuwa kitamu. Alipofika pale mama anaporudi alfajiri na kulia kwenye ngazi, mzee mmoja akampa ishara mshereheshaji. Muziki ukawashwa. Tuliambiwa muda umekwisha. Baadaye mzee akanieleza kwa upole: "Mambo ya ndani hayo, mwanangu. Leo kuna wageni."

Ninamwelewa. Mkimbizi amejifunza kwamba kila neno linaandikwa mahali. Wapo wanasiasa wanaongoja tuseme tuna shida ili waseme, mnaona? Tena mama wa watu alikuwepo ukumbini, na aibu ni yake kabla haijawa yetu. Lakini wahenga hawakusema bure kwamba mficha uchi hazai. Cabramatta ilificha, na haikusalimika: jina lilichafuliwa vile vile, tena na watu wasiojua hata kulitamka jina la mtoto aliyekufa. Na yule mama, niliyemtazama muziki ulipowashwa, hakuonekana mwenye aibu. Alikuwa akimtazama bintiye kama mtu aliyekatizwa sentensi.

Basi nina mambo matatu ya kuomba kwa wenzangu. Kwanza, kila mzunguko wa upatu tutenge zamu moja isiyo ya mtu, iwe ya vijana: kamera, daftari, nauli ya kwenda darasani. Pili, turekodi wazee wetu kwa simu tulizo nazo, sasa, kwa sababu bibi yangu ana miaka 84 na tayari kuna majina ya wenzake wa mashuani ambayo hayakumbuki. Tatu, na hili halina gharama, mtoto akisimama kusoma tumwache amalize. Mama akiona jambo halifai kusemwa, amwambie bintiye nyumbani kabla, si sisi tumwashie muziki jukwaani.

Nanyi mlio nyumbani, mnaopokea hela zetu na picha zetu tumevaa makoti, msituombe picha tu. Tuulizeni tunaamka saa ngapi.

Ratiba ya 7 Julai mwaka huu nimepewa mimi. Mama wa yule binti nimekwenda kumwomba ruhusa, akanipa, na akaomba kiti cha mbele. Binti ana dakika 20, na swichi ya muziki nitakaa nayo mimi.