Na flashi za steshenari je?

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu virusi vya kompyuta ni nzuri, ila umekazania barua pepe za matapeli ukasahau flashi. Huku kwetu Kibaha, kuanzia Maili Moja, na hata kwa majirani zetu wa Kisarawe, kompyuta moja ya steshenari hupokea flashi ya kila mtu: mwalimu mwenye mtihani, mwanachuo mwenye ripoti, kijana mwenye CV. Kirusi kikiingia asubuhi, jioni kiko shuleni na ofisini. Ukiona mafolda yako yamegeuka shotikati, ujue umeshabeba.

Pili, masasisho. Wengi huyazima ili kuokoa bando, wengine wamewekewa Windows ya kukrakiwa. Tukumbuke kirusi cha WannaCry: Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la Windows Machi 2017, kirusi kikalipuka Mei 12 na kufika nchi zaidi ya 150. Waliokuwa wameshasasisha kompyuta zao hawakuingiliwa kupitia tundu lile. Windows 7 haina msaada tangu Januari 2020, na Windows 10 ilifikia ukomo Oktoba 14, 2025. Mwenye mashine isiyoweza kubeba Windows 11 aulizie Linux, ni bure.

Wenye steshenari, skanini kila flashi kabla ya kuifungua. Defender imo ndani ya Windows, hailipiwi. Msihudumie wateja kwa akaunti ya msimamizi. Kazi muhimu zinakilini kwenye diski ya nje, kisha ichomoeni. Nasi wateja tusinune tukiambiwa tusubiri dakika mbili flashi ikaguliwe.